Mikaratusi inakatwa Karura: je, msitu umeshauzwa?

*"Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya upili hapa Nairobi. Muhula uliopita tuliwapeleka wanafunzi Msitu wa Karura kuona mapango ya Mau Mau na maporomoko ya maji. Njiani tulikuta eneo kubwa limefyekwa: mikaratusi mikubwa imelala chini, magogo yamepangwa kando ya barabara, visiki vimetapakaa kila mahali. Wanafunzi walishtuka. Mmoja aliniuliza kama hili ndilo jambo ambalo Wangari Maathai alipigwa akilipinga, nami nikakosa la kumjibu. Mzazi aliyekuwa nasi akasema msitu umeshauzwa, kwamba wanaanza kuondoa miti, kisha nyumba zinafuata. Kwa uchungu huo wanafunzi wamechanga pesa na tumenunua miche 200 ya mgrevilea, jakaranda na mianzi. Tunataka kuipanda karibu na mapango, iwe kumbukumbu ya wapiganaji. Naomba kuuliza: je, ni halali kukata miti ya asili namna hii? Tutajuaje kama msitu unanyakuliwa? Na huu mpango wetu wa kupanda miti unafaa?"*

Mwalimu, shukrani kwa barua yako, na shukrani zaidi kwa kuwapeleka vijana wakaone kwa macho yao. Umeuliza maswali matatu, lakini naona yote yanatoka kwenye hofu moja: kwamba Karura inaliwa kidogo kidogo huku sote tukitazama. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Msitu huu uliwahi kugawanywa kwenye makaratasi bila wenyewe, yaani wananchi, kujua. Mzazi aliyesema "wanaanza na miti" anakumbuka jambo lililotokea kweli.

Hata hivyo, kwa jinsi ulivyoeleza, mlichokiona kinafanana zaidi na uvunaji wa miti iliyopandwa kuliko unyakuzi. Nasema "kinafanana" kwa sababu sikuwepo, na chini nitakueleza mambo ya kukagua wewe mwenyewe. Kuhusu miche, nakuomba kitu kimoja mapema kabla hujasoma mengine: msiipande karibu na mapango. Sababu nitazieleza.

Tuanze na hilo neno "miti ya asili". Mkaratusi si mti wa asili wa Karura, wala wa Kenya, wala wa Afrika. Asili yake ni Australia. Ulifika huku mwanzoni mwa karne ya 20, na sababu kubwa ilikuwa reli. Garimoshi za Reli ya Uganda, ile iliyotoka Mombasa ikapita Nairobi, ziliendeshwa kwa kuni, na kuni zilihitajika nyingi, haraka na karibu na njia. Miti yetu ya nyanda za juu hukua polepole. Mkaratusi hukua mbio. Ile bustani ya miti tunayoiita Arboretum, pale karibu na Ikulu ya Nairobi, ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu ni miti gani ya kigeni ingefaa kazi hiyo. Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilitumika kama shamba la miti: mikaratusi, misaipresi, migrevilea na misonobari ile mirefu ya Australia yenye matawi yaliyopangika kama ngazi. Ilipandwa kwa mistari, ikakatwa, ikapandwa tena.

Kwa hiyo, mtu anapoingia kwa lango la Limuru Road na kuona miti mirefu pande zote, anadhani yuko ndani ya msitu wa kale. Mara nyingi yuko ndani ya shamba lililozeeka. Msitu wa asili wenyewe upo, na ni hazina kubwa, lakini umebaki zaidi kwenye mabonde ya mito, kwenye miteremko ambako kupanda na kuvuna kulikuwa na usumbufu. Bila shaka mliuona mlipoteremka kuelekea mapangoni: kivuli kinakolea ghafla, miti haina mistari, kuna mitambaazi inayoning'inia, na kila mti una umri wake. Msitu wa aina hii, wa nyanda kavu za juu zinazouzunguka mji wa Nairobi, wataalamu huutambulisha kwa miti yake mitatu mikuu: mukinduri, muhugu na murarachi. Nitatumia majina ya Kikuyu kwa miti mingi kwa sababu ndiyo majina mtakayoyasikia kwenye vitalu vya hapa. Ukiongeza muthiga, mutamaiyu, muringa na muiri, hiyo ndiyo familia yenyewe. Zamani familia hii ilitanda juu ya sehemu kubwa ya eneo ambalo leo ni Muthaiga, Runda, Gigiri na kwingineko. Leo imebaki vipande: Karura, City Park, Msitu wa Ngong na vichache vingine. Karura, yenye hekta zipatazo 1,041, ni miongoni mwa misitu mikubwa ya hifadhi duniani iliyo ndani kabisa ya mipaka ya jiji.

Sasa kwa nini mtu akate mikaratusi ndani ya hifadhi? Tatizo la mkaratusi haliko kwenye mti mmoja mmoja, liko kwenye namna unavyotawala mahali ulipopandwa kwa wingi. Mti unaokua haraka unahitaji maji mengi ili ukue haraka. Hakuna njia ya mkato hapo. Mizizi yake huenda mbali na huendelea kunywa hata kiangazi, wakati miti mingi ya asili imepunguza kasi. Karura inapitiwa na vijito vinavyolisha mfumo wa Mto Nairobi, ambao nao unaingia Mto Athi. Ukiweka mikaratusi imesongamana ukingoni mwa kijito, unakipunguzia maji wakati yanahitajika zaidi. Ndiyo sababu mwaka 2009 serikali ilielekeza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji na maeneo chepechepe nchini.

Halafu kuna majani. Majani ya mkaratusi yana mafuta yenye harufu kali, ni magumu, na huchukua muda mrefu kuoza. Yanajikusanya chini kama mkeka. Mbegu ndogo ikiangukia juu ya mkeka huo, mzizi wake haufiki kwenye udongo upesi, inakauka. Pale ambapo mikaratusi michanga imesongamana, utatembea hatua nyingi bila kuona mche wa mti mwingine.

Lakini, mwalimu, hapa ndipo pana jambo ambalo ningependa wanafunzi wako walione, kwa sababu linabadilisha jinsi mtu anavyoutazama msitu. Mikaratusi ikizeeka na kuachana nafasi, mwanga hupenya, na chini yake mambo huanza kubadilika. Mkirudi, tafuteni kipande ambacho bado kina mikaratusi mikongwe iliyosimama. Msitazame juu. Chuchumaeni. Inueni yale majani makavu kwa mkono polepole. Kuna uwezekano mkubwa mtakuta vibonge vigumu vya hudhurungi, vikubwa kiasi cha kokwa ya jozi: hayo ni matunda ya mukinduri, na ndani ya kila kimoja kwa kawaida kuna mbegu tatu. Pembeni mtaona vijiche vyenye majani ya kijani upande wa juu. Geuzeni jani moja, upande wa chini unang'aa kama fedha. Huo ni mukinduri, umejiotea wenyewe. Pengine kuna muiri au muringa, ulioletwa tumboni mwa ndege au tumbili. Hakuna aliyeupanda. Msitu wa asili uko pale pale chini ya lile shamba la zamani, unangoja nafasi.

Mchakato huo ndio unaofanya ukataji uwe na maana au usiwe na maana. Mikaratusi ikitolewa kwa uangalifu mahali ambapo vijiche vya asili vimeshaota, vijiche hivyo hupata mwanga na maji, na baada ya miaka michache eneo linabadilika sura. Miti ya kwanza kujaa ni ile inayopenda jua, kama mukinduri. Chini ya kivuli chake hufuata ile ya polepole: muthiga, mutamaiyu, muhugu. Wanyama ndio wanaoibeba mbegu nyingi kutoka bondeni hadi mahali palipofyekwa: hondohondo, kima, popo walao matunda. Mbega weusi kwa weupe waliorudishwa Karura katikati ya miaka ya 2010, wakitolewa upande wa Nyandarua, wanahitaji msitu wenye majani ya aina nyingi ya kula. Hawawezi kuishi kwa mikaratusi.

Sitaki kukupa picha ya upande mmoja. Ukataji una gharama zake, na ukifanywa vibaya unaacha hali mbaya kuliko mwanzo. Kwanza, mkaratusi haufi kwa kukatwa. Kisiki kikiachwa hivi hivi, miezi michache baadaye kinatoa machipukizi mengi kuzunguka ukingo wake, na badala ya mti mmoja una kichaka cha mikaratusi. Ni lazima machipukizi yaondolewe mara kwa mara au kisiki kibanduliwe gamba hadi kife. Pili, mwanga unaoingia ghafla haualiki miti ya asili peke yake. Kuna vichaka vamizi, hasa lantana na sestramu yenye maua ya rangi ya chungwa, ambavyo huingia kwenye uwazi wowote mapema kuliko mti. Sestramu ikishatanda, vijiche vya mukinduri havioni jua tena. Mahali penye sestramu panahitaji watu wa kung'oa kwa mkono, na kurudi tena, na kurudi tena. Tatu, ndege wakubwa kama tai hupenda kujenga viota kwenye miti mirefu kuliko yote, na mara nyingi mirefu kuliko yote ni hiyo hiyo mikaratusi. Eneo lazima likaguliwe kabla ya msumeno kuwashwa.

Kwa sababu hizo mimi siungi mkono kufyeka eneo kubwa kwa mkupuo, hata kama ni mikaratusi mitupu. Naona njia bora ni vipande vidogo na vyembamba, kimoja kipone ndipo kingine kifuatwe, na kuanzia kwenye kingo za mito. Wapo wataalamu wenzangu wanaosema kufyeka kipande kizima ni nafuu na kunaumiza vijiche vichache, kwa sababu magari ya kubebea magogo huingia mara moja tu badala ya mara nyingi. Hoja yao ina uzito. Lakini Karura haina uhaba wa watu wa kuitazama na kuihudumia, kwa hiyo sioni kwa nini tuchague unafuu huo. Kama eneo mliloliona lilikuwa kubwa kweli kama ulivyoeleza, una kila haki ya kuuliza mpango wa kulirejesha uko wapi. Ukimuuliza kwa heshima, afisa wa msitu anapaswa kukujibu.

Sasa lile swali la mwanafunzi wako, kwa sababu ni swali zuri na halipaswi kukaa bila jibu. Mwambie hapana, siyo jambo lile lile. Wangari Maathai hakupinga kukatwa kwa mkaratusi. Katika miaka ya 1990 vipande vya Karura viligawiwa kampuni binafsi ili vijengwe nyumba, na mwaka 1998 jambo hilo likafichuka hadharani. Maathai na wenzake wa Green Belt Movement waliingia msituni na miche, wakapanda palipofyekwa. Tarehe 8 Januari 1999, yeye na kundi lililojumuisha wabunge na waandishi wa habari walipofika kupanda, walivamiwa na kundi la watu waliokuwa na marungu na mijeledi. Alijeruhiwa kichwani, akaenda kituo cha polisi kuandikisha malalamiko huku damu ikimtoka. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani mwezi huo huo kuutetea msitu; waambie vijana wako hilo, maana walikuwa wakubwa kwao kwa miaka michache tu. Agosti 1999 Rais Moi alisitisha ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004, mwaka ule ule ambao Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, ripoti ya Tume ya Ndung'u ilianika jinsi ardhi ya umma, ikiwemo ya Karura, ilivyogawiwa kinyume cha sheria.

Kilichokuwa kikipiganiwa pale ni ardhi. Mti ukikatwa na ardhi ikabaki ya msitu, msitu unaweza kurudi. Hati miliki ikitolewa na msingi wa nyumba ukachimbwa, umekwenda.

Na hapo ndipo pa kukagua. Mvunaji wa miti hukata, huacha kisiki, hupanga magogo, na magogo hayo hugongwa alama kwa nyundo ya idara ya misitu ili yaweze kusafirishwa kihalali. Mjenzi hana haja na gogo, ana haja na kiwanja. Kwa hiyo atang'oa visiki, ataleta tingatinga kusawazisha, ataweka bikoni za mipaka, atachimba mitaro, atazungushia mabati. Anayenyakua mara nyingi huanza pembeni, karibu na barabara na mitaa ya bei kubwa, siyo katikati ya msitu. Mkikuta visiki vimebaki ardhini kati ya barabara za ndani za msitu, kama ulivyoeleza, hilo ni jambo la uvunaji. Mkikuta bikoni mpya zimechomekwa ndani ya fensi, pigeni picha, andikeni mahali penyewe, na msikae nalo siku mbili.

Sheria nayo inasaidia kutofautisha. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, kifungu cha 34, mpaka wa msitu wa umma haubadilishwi kwa barua ya ofisini. Lazima ombi lifike Bunge la Taifa, na ombi halipaswi kupita ikiwa litahatarisha viumbe adimu au chanzo cha maji. Kwa hiyo mtu akikwambia "msitu umeuzwa", swali la kwanza la kumuuliza ni: ombi lilipelekwa Bungeni lini? Kuvuna mti uliopandwa, kwa upande mwingine, ni kazi ya kawaida ya Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, mradi kuna mpango wa usimamizi na kibali. Najua wengi wanaamini kwamba kukata mti wowote kwenye msitu wa serikali ni marufuku. Imani hiyo inatokana na zuio la uvunaji lililowekwa mwaka 2018. Mwaka 2023 Rais Ruto alitangaza kuliondoa, jambo lililozua mabishano makali na kesi. Lakini hata zuio lenyewe halikubadilisha mipaka ya msitu wowote. Ni mambo mawili tofauti.

Hii haina maana kwamba tulale. Mwaka 2024 mpango wa kupanua Barabara ya Kiambu uligusa ukanda wa Karura, wananchi wakapaza sauti na suala likafika mahakamani. Mwaka 2025 ukazuka mvutano mwingine, mara hii si wa ardhi bali wa usimamizi: KFS ilielekeza malipo ya kuingia yapitie eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, na Marafiki wa Karura, chama cha jamii kinachoutunza msitu huu pamoja na KFS tangu 2009, wakapinga. Nalitaja hilo la pili kwa sababu wengi waliliona kama ugomvi wa pesa tu. Kwangu lina uzito mkubwa. Wenye umri wangu wanakumbuka Karura ambayo hakuna mtu timamu angeingia peke yake: wizi wa magari, miili iliyotupwa, watu kuvamiwa mchana. Kilichoubadilisha ni fensi ya umeme, walinzi waliotoka vijiji vya jirani, na pesa za langoni kurudi kufanya kazi pale pale, ikiwemo kazi hiyo ya kung'oa sestramu niliyoisema. Mlikwenda na wanafunzi mkarudi salama kwa sababu ya mpangilio huo.

Tuje kwenye miche yenu. Nia ni njema sana, na sitaki ipotee. Lakini mgrevilea nao ni mti wa Australia, nchi moja na mkaratusi. Ni mti mzuri shambani, kwenye mipaka, katikati ya kahawa. Jakaranda ni wa Amerika Kusini. Mwanzi wetu wa asili ni wa milimani, huko Nyandarua na Mau. Mingi inayouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara ni ya Asia. Mkipanda hii Karura, mtakuwa mmeongeza kazi kwa watu wale wale wanaotumia miaka kuondoa miti ya kigeni.

Mapangoni kuna sababu ya ziada, na hii ni ya kihistoria kama ilivyo ya kiekolojia. Mapango yale yako kwenye ukuta wa mwamba kando ya mto, mwamba uliotokana na volkano. Miamba ya aina hii huwa na matabaka. Laini humomonyoka kwanza, gumu linabaki juu kama dari. Mzizi wa mti wenye nguvu, au mwanzi unaosambaa chini kwa chini, ukipata ufa kwenye dari hiyo huupanua kila mwaka. Maji hufuata mzizi. Kipande huanguka. Wapiganaji waliojificha humo baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952 hawakuacha majengo wala minara. Waliacha tundu hilo la mwamba, giza lake na kichaka kilichoziba mlango wake. Hicho kichaka ni sehemu ya historia, mwalimu. Pango lilifaa kujifichia kwa sababu msitu mnene wa asili ulilifunika. Mkisafisha mbele yake ili mpande jakaranda zinazochanua zambarau, mtakuwa mmeondoa ushahidi mkubwa kuliko wote wa jinsi watu wale walivyoishi. Wafundishe wanafunzi kusoma mteremko wenyewe: mtu akisimama ng'ambo ya mto anaona nini, maji ya kunywa yako hatua ngapi, sauti ya maporomoko inaficha sauti gani. Kwa somo la Historia, hiyo ni nyaraka.

Nikiongeza kidogo tu: wapitishe pia kwenye lile tanuri la zamani ndani ya msitu, lililotumika kuchomea noti zilizochakaa za Benki Kuu. Vijana hulipenda.

Basi mfanye nini na miche 200? Migrevilea ipelekeni kwa wazazi wenye mashamba, itawafaa kwa kuni na mbao. Jakaranda zipandeni shuleni, mbali na majengo na mabomba. Mianzi ipeni nafasi yake peke yake, isije ikatawala kiwanja. Halafu, kama kuna pesa iliyobaki hata kidogo, andikieni ofisi ya KFS pale Karura na Marafiki wa Karura mkiomba kupewa kipande kilichovunwa mikaratusi ambacho shule yenu itakilea. Sikusema kukipanda, nimesema kukilea. Huenda wakawaambia hakihitaji miche yoyote, kinahitaji sestramu iondolewe ili kilichojiotea kipumue. Mkiambiwa hivyo msikate tamaa. Hiyo ndiyo kazi yenye faida kuliko zote, na wanafunzi 30 wenye glavu wanaweza kufungua eneo kubwa kwa asubuhi moja. Sharti mwenye ujuzi awaoneshe kwanza kipi cha kung'oa na kipi cha kuacha, kwa sababu mche mchanga na gugu hufanana sana kwa macho mageni.

Wakisema kipande kinahitaji miche, ombeni ya asili kutoka kitalu chenye uhakika. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina kituo cha mbegu pale Muguga na wanaweza kuwashauri. Mukinduri na muringa hukua upesi na huwapa wanafunzi moyo. Muthiga ni wa lazima, hasa kwa kuwa magome yake yanatafutwa sana kwa dawa. Mkikutana na muthiga uliobanduliwa gamba kuuzunguka shina lote, waoneshe vijana. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia ndani ya gamba hilo, hivyo mizizi inakufa njaa ingawa juu mti bado una majani. Muhugu ndio mgumu. Umemalizwa na wachonga vinyago, mti dume na mti jike ni tofauti, na mbegu zake nyingi huwa tupu. Mkipata miche kumi ya muhugu, itunzeni kwelikweli.

Pandeni mwanzoni mwa mvua, Machi mwishoni au Oktoba, mashimo yakiwa yamechimbwa kabla. Na kabla hamjapanda, amueni nani atarudi kupalilia mwaka wa pili na wa tatu. Miche mingi ya shughuli za shule hufa kwa kukosa mtu wa kurudi, kwa hiyo afadhali miche 40 yenye darasa la kuisimamia kuliko 200 yenye picha nzuri.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Ukitaka kujua kama eneo lile mahususi lilivunwa kwa kibali, nenda ofisi za KFS zilizo ndani ya Karura upande wa Kiambu Road, umwone afisa wa msitu, umwambie siku mliyopita na njia mliyotumia. Omba akutajie kibali na mpango wa kurejesha miti ya asili. Kama mna mmea msioutambua, wataalamu wa hifadhi ya mimea iliyokaushwa pale Makumbusho ya Taifa wanaweza kuutambua mkiwapelekea tawi lenye maua au matunda. Jambo lolote linalogusa mapango, hata kibao cha maelezo, lianze kwa mazungumzo na KFS na Makumbusho ya Taifa. Na ikitokea mmekuta bikoni, mabati au tingatinga, ripotini KFS na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa maandishi na mbaki na nakala, kisha mwone wakili anayeshughulikia mazingira. Katiba, ibara ya 70, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kulinda mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inaweza kusimamisha kazi wakati kesi inasikilizwa, lakini kasi ni muhimu, kwa hiyo hapo msisubiri muhula uishe.

Ziara nyingine ikipangwa, omba KFS au Marafiki wa Karura wawape mtu wa kuwaongoza kwenye kipande kilichovunwa miaka michache iliyopita, kabla hamjateremka mapangoni. Wanafunzi wakiona vipande viwili siku hiyo hiyo, kimoja cha visiki vipya na kingine ambacho mukinduri imeshawapita kimo, watakuwa na maswali mengine kabisa ya kumuuliza afisa wa msitu.